944 iliyopauka yenye faili nene, au S2 inayong'aa isiyo na risiti?

Swali: Nimetamani Porsche kwa miaka mingi, lakini bei ya 911 siifikii. Sasa nimepata 944 mbili. Ya kwanza ni ya 1984, injini ya lita 2.5, rangi imepaushwa na jua na dashibodi imepasuka, ila muuzaji ana faili nene la risiti. Ya pili ni 944 S2 ya 1990, inang'aa kama mpya na odomita inasoma kilomita chache, lakini haina risiti hata moja. Muuzaji wake anasema mikanda "ilibadilishwa si zamani sana". Bei zao zinakaribiana. Rafiki yangu ananishauri niziache zote mbili nitafute 924 kwa kuwa ni rahisi kuitunza. Nichukue ipi, nikague nini, na nikishanunua nianzie wapi?

Jibu: Chukua ya 1984, mradi ipite ukaguzi nitakaoueleza. Najua S2 ni gari bora kuliko hiyo likiwa barabarani. Injini yake ya lita 3.0 ina valvu 16 na nguvu za farasi 211, wakati 944 ya kawaida ya Ulaya ya mwaka ule ilikuwa na farasi 163, na breki zake ni kubwa zaidi, zenye kalipa za pistoni nne. Lakini gari lenye umri wa zaidi ya miaka 30 halina bei moja. Bei yake ya kweli ni ile aliyoitaja muuzaji, ukijumlisha saa za fundi zilizojificha ndani yake. Kwenye 944 saa hizo zinaweza kuwa nyingi kupita kiasi, na zote ziko mahali ambapo rangi mpya haifiki.

Inafaa kuelewa kwanza kwa nini magari haya yanadharauliwa, kwa sababu dharau hiyo ndiyo imezaa kasoro utakazozikuta. 924, iliyoingia sokoni 1976, ilianza kama mradi ambao Porsche iliufanya kwa ajili ya Volkswagen. Injini yake ya lita 2.0 ilitoka ukoo wa Volkswagen na Audi, na gari lenyewe liliunganishwa Neckarsulm, kwenye kiwanda cha Audi. Wapenzi wa 911 hawakulikubali: injini iko mbele, inapozwa kwa maji, na nembo zake za kuzaliwa ni za watu wengine. 944 ilipokuja 1982 ilikuwa na injini ya Porsche yenyewe, iliyotokana na wazo la kuchukua nusu ya injini ya V8 (silinda nane) ya 928, Porsche kubwa ya wakati huo, lakini jina baya lilikuwa limeshaganda. Bei ikashuka, gari likaangukia mikononi mwa watu walioweza kulinunua ila hawakuweza kulitunza, na kila mmoja akamrithisha mwenzake kazi asiyoifanya. Ndiyo maana faili nene la risiti kwenye 944 lina thamani kuliko kwenye magari mengi ya rika lake. Linakuambia kwamba mnyororo huo wa kuahirisha ulikatika mahali fulani.

Tuanze na mikanda, kwa sababu hapo ndipo injini nyingi za 944 zimefia.

Pistoni na valvu za injini hii hutumia nafasi ileile kwa zamu. Mkanda wa taimingi ndio unaopanga zamu hiyo. Ukikatika, au ukiruka meno machache, pistoni inapanda na kuikuta valvu bado iko chini, na valvu inapinda papo hapo. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini chenye valvu, lazima ishuke. Kwenye injini ya valvu 8 hasara ni kubwa, na kwenye S2 yenye valvu 16 ni kubwa zaidi. Mkanda huu hubadilishwa kila kilomita 70,000 hivi au kila miaka 4, chochote kitakachotangulia. Watu wengi huhesabu kilomita na kusahau miaka. Gari lililolala gereji miaka 10 na kutembea kilomita 5,000 tu lina mkanda uliokwisha, hata kama macho yanauona mpya.

Kuna mkanda wa pili. Injini kubwa ya silinda nne hutetemeka kwa asili yake, na Porsche ikaizima mitetemo hiyo kwa shafti mbili za mizani, chini ya leseni ya Mitsubishi. Shafti hizo huzunguka mara mbili ya kasi ya kranki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kila moja ikienda upande wake, na huendeshwa na mkanda mwembamba wenye meno pande zote mbili. Mkanda huu ukikatika peke yake hauui injini, ila kipande chake kinaweza kunaswa na mkanda wa taimingi ulio nyuma yake na kuuharibu. Kwa hiyo mikanda hii hubadilishwa pamoja, kila mara. Pampu ya maji nayo inazungushwa na mkanda wa taimingi. Beringi ya pampu ikigoma, mkanda unakatika hata kama ni wa jana.

Basi fungua faili la ile ya 1984 utafute risiti moja ya kazi hii. Risiti nzuri inataja mikanda yote miwili, rola na tensheni zake, pampu ya maji, na sili za mbele: ya kranki, ya kemshafti (shafti inayofungua valvu) na za shafti za mizani. Ikitaja mkanda mmoja tu, bila rola wala sili, chukulia kazi haikufanyika. Mkanda mpya uliowekwa juu ya rola yenye miaka 20 hauna dhamana yoyote, na sili inayovuja hulowesha mpira wa mkanda kwa oili mpaka ulainike na kuanza kupoteza meno. Pampu ya stelingi ikivuja hufanya hivyohivyo, maana iko mbele karibu na mikanda.

Kama muuzaji wa S2 hana karatasi, neno "si zamani sana" lihesabu kuwa "haijawahi". Siyo kwamba ni mwongo. Huenda aliambiwa hivyohivyo na aliyemuuzia.

S2 ina siri moja zaidi ambayo ile ya 1984 haina. Injini za valvu 16, yaani 944 S, S2 na 968, zina kemshafti mbili, na mkanda huzungusha moja tu. Ya pili huvutwa na mnyororo mfupi ulio juu ya hedi, unaokazwa na tensheni yenye pedi za plastiki. Pedi hizo huanza zikiwa nyeupe, hugeuka kahawia kwa joto la oili, kisha hukauka na kuvunjika kama kigae. Zikivunjika mnyororo hulegea, unakula meno ya kemshafti, na ukikatika valvu zinagongwa kama vile mkanda umekatika. Kuzikagua ni kazi ya saa chache: unafungua kava ya juu ya hedi, unatazama rangi ya pedi, unapapasa meno ya kemshafti zote mbili kuona kama yana vishimo au makali, kisha unafunga kwa gasketi mpya. Mwombe muuzaji akuruhusu, kwa gharama yako. Akikataa, jibu umeshalipata.

Jambo la pili lenye saa nyingi ni klachi. Giaboksi ya 944 iko nyuma, imeungana na difu, ili uzito ugawanyike karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Ni uamuzi mzuri sana wa wahandisi, na ndio unaolifanya gari hili likate kona kwa utulivu unaowashangaza wanaoliendesha mara ya kwanza. Klachi yenyewe ilibaki mbele, nyuma ya injini. Kati ya klachi na giaboksi kuna bomba refu la chuma, na ndani yake shafti inayoshikwa na beringi nne. Ili kuifikia klachi unashusha ekzosti, unatoa draivu shafti na giaboksi, unalirudisha bomba lote nyuma, ndipo unafungua nyumba ya klachi. Kwa fundi anayelijua gari hili ni siku mbili za kazi. Kwa anayejifunzia kwako, andaa wiki.

Kuna kitu cha pekee cha kukitazama kwenye ile ya 1984. Klachi pleti ya kiwandani ilikuwa na kitovu cha mpira badala ya springi, ili kulainisha mshtuko. Mpira huo huchakaa kwa umri na huweza kuvunjika ghafla, injini ikawa inanguruma na gari halisogei. Dalili yake ni pengo: ukiachia mafuta na kukanyaga tena, unasikia mguno na gari linachelewa kuitika. Tafuta kwenye faili risiti ya klachi yenye pleti ya springi. Ikiwepo, umeokoa fedha nyingi. Isipokuwepo, na gari bado lina mpira wa kiwandani, bei ishuke kwa gharama nzima ya kazi hiyo, kwa sababu utaifanya tu.

Sasa ukaguzi wenyewe. Nenda asubuhi na umwambie muuzaji mapema kwamba asiwashe gari. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto, rudi siku nyingine. Injini ya moto huficha moshi, kelele na ugumu wa kuwaka.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha tangi la maji. Maji yawe safi, yenye rangi ya kipoza. Ukikuta uji wa kahawia unaofanana na kakao ya maziwa, oili imeingia kwenye maji. Usikimbie hapohapo, wala usikubali haraka. Pembeni mwa injini kuna kipoza oili kinachotumia maji ya radieta, na sili zake za mpira huchoka. Oili ina presha kubwa kuliko maji, hivyo yenyewe ndiyo hupenya. Kubadilisha sili hizo si kazi kubwa. Kubwa ni kuusafisha mfumo mzima baadaye, kwa sababu mabomba ya mpira yaliyolowa oili huvimba na kulegea. Chanzo kingine ni gasketi ya hedi, ambayo ni ghali. Ukiona povu linapanda kwenye tangi injini ikinguruma, au moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, hesabu ni hedi.

Hapa niseme neno kuhusu joto, kwa sababu ndilo linaloua injini hizi kimyakimya. Silinda za 944 hazina slivu za chuma. Bloku ni aloi ya alumini na silikoni, na pistoni husugua moja kwa moja juu ya chembe ngumu za silikoni zilizoachwa wazi kiwandani. Kuta hizo zikikwaruzwa kwa kupata moto kupita kiasi, si kila anayechonga silinda anaweza kuzirudisha. Zinahitaji mbinu na vifaa vyake. Kwa hiyo wakati wa kujaribu gari, liache lingurume limesimama mpaka feni za umeme zijiwashe zenyewe. Mshale wa joto ukivuka katikati ukiendelea kupanda na feni zimelala, zima. Mara nyingi mkosaji ni swichi ya joto kwenye radieta au rilei, vitu vidogo, lakini hujui gari limeshachemka mara ngapi kwa ajili ya kitu hicho kidogo.

Washa. Tappeti za haidroliki zikigonga sekunde chache kisha zikanyamaza, hakuna shida. Tazama geji ya oili. Injini ikiwa baridi itapanda juu. Ikishapata moto na iko sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, presha ya kati ya bar 2 na 3 inaridhisha, na kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika isome bar 4 au zaidi. Sensa ya geji hizi huharibika na kudanganya, kwa hiyo namba mbaya ithibitishwe kwa geji ya mkono kabla ya kuilaani injini. Ukisikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini unaoongezeka na mizunguko, achana na gari hilo. Beringi ya konrodi namba 2 ndiyo dhaifu kwenye injini hii. Oili ikipungua na gari likakatishwa kona ndefu kwa kasi, oili hukimbilia upande mmoja, pampu hunyonya hewa, na beringi hiyo hulia ya kwanza. Ndiyo sababu mwenye 944 huweka oili karibu na alama ya juu ya kijiti, siyo katikati.

Injini ikitetemeka sana kwenye sailensa, kuna mambo mawili. La kawaida ni mauntini za injini, zilizojazwa majimaji. Ile ya upande wa ekzosti hupikwa na joto na kunywea. La pili ni shafti za mizani zilizofungwa vibaya. Gia zake zina nafasi mbili za kabari, moja imeandikwa O kwa shafti ya juu na nyingine U kwa ya chini, herufi za kwanza za maneno ya Kijerumani "oben" na "unten". Fundi asiyejua huzichanganya, gari likawa linatikisika kama trekta huku mikanda ikiwa mipya kabisa.

Gari likiwa limesimama, gia huru, sikiliza bila kukanyaga klachi, kisha kanyaga. Kelele ya kusaga inayopotea ukikanyaga inatoka kwenye beringi za lile bomba refu au kwenye giaboksi, kwa sababu shafti ya ndani husimama klachi ikitenganishwa. Kelele inayokuja ukikanyaga ni ya rilizi beringi. Zote mbili zinamaanisha kushusha kila kitu cha nyuma. Barabarani, gia ya pili na ya tatu zikikwaruza wakati wa baridi tu, sinkronaiza zimechoka lakini utaishi nazo muda. Mvumo unaopanda na kushuka na kasi ya gari, siyo ya injini, ni beringi za difu au za magurudumu. Tembea kilomita 5 hivi ukitazama odomita. Gia ya plastiki ndani yake huvunjika mara kwa mara, spidomita ikaendelea kufanya kazi huku kilomita zimeganda. Kwa hiyo zile "kilomita chache" za S2 yako, bila risiti za kuzithibitisha mwaka kwa mwaka, hazina maana yoyote.

Kwenye jeki, tazama boljointi za mbele. Ile ya 1984 ina kontrol amu za chuma zilizotoka Volkswagen. Ni imara na ni rahisi. Kuanzia katikati ya 1985 Porsche ilihamia kwenye amu za alumini, ambazo boljointi yake haikuuzwa peke yake kiwandani. Ikichoka unabadilisha amu nzima au unaipeleka kwa mtu anayezikarabati. Boljointi iliyokaza kwenye gari lililoshushwa springi huweza kuivunja amu, na gurudumu likalala ukiwa kwenye kasi. S2 iliyoshushwa kwa urembo iogope. Kwenye S2 hiyohiyo angalia pedi za breki: vibati vidogo ndani ya kalipa za alumini huinuliwa na kutu ya alumini iliyo chini yake, pedi zikabanwa na breki kukokota.

Bodi ya 944 ilichovywa zinki, na hiyo ndiyo sababu bado zipo nyingi. Lakini zinki hailindi milele. Papasa silli za pembeni, yaani kingo za bodi chini ya milango, hasa zinapokutana na tao la gurudumu la nyuma, maana uchafu na maji hukaa ndani na kuzila kutokea ndani kwenda nje. Chini ya madigadi za mbele, sehemu za kuwekea jeki, na sinia ya betri kwa gari lenye betri mbele. Mitaro ya maji karibu na betri ikiziba, maji huingia hadi kwenye kapeti la miguuni, na humo ndimo mnamopita nyaya. Nyanyua kapeti, nusa. S2 inayong'aa ipimwe unene wa rangi kwa kifaa. Rangi ya kiwandani huwa karibu na maikroni 100 hadi 150; paneli inayosoma mara tatu ya hapo imepakwa upya au ina pati, na palipochomelewa zinki haipo tena. Rangi iliyopaushwa na jua ya ile ya 1984 naiona kama ushahidi mzuri: hakuna aliyeficha kitu chini yake.

Kioo cha nyuma huachana na fremu yake na kuvujisha maji kwenye buti. Dashibodi kupasuka ni kwa karibu zote. Motor ya taa za kuinuka, gia za paa, vitasa: vyote hivi ni vidogo, visikutishe wala visikupotezee muda wa kujadiliana.

Linganisha pia namba ya chesisi na karatasi. 944 ya soko la nje ya Marekani huanza WP0ZZZ94Z, kisha herufi ya mwaka wa modeli, E kwa 1984 na L kwa 1990, kisha N ya Neckarsulm, kisha 4 inayokamilisha "944". Herufi isiyolingana na mwaka uliotajiwa inahitaji maelezo kabla ya fedha.

Kuhusu ushauri wa rafiki yako: hajakosea, ila hajafika mwisho. Injini ya 924 ya lita 2.0 isiyo na tabo ni rahisi kweli. Haina shafti za mizani, na mkanda ukikatika valvu kwa kawaida hazigongwi. Ila ni farasi 125, na mfumo wake wa mafuta wa K-Jetronic ukilala miaka bila kuwashwa huziba na kusumbua sana kuurudisha. Kama anataka kukusaidia, akutafutie 924S, iliyotengenezwa katikati ya miaka ya 1980 mpaka 1988. Hiyo ina injini ya 944 ya lita 2.5 ndani ya bodi nyembamba ya 924. Watu huipita bila kuitazama kwa sababu ya jina, nami naiona ndiyo iliyodhulumiwa kuliko zote katika ukoo huu. Ukaguzi wake ni uleule wa 944. Ukiona 928 ya bei ileile, ipite. Ni gari la fahari, lakini kila kazi juu ya V8 ile ni kubwa, na zenye giaboksi ya otomatiki zina kasoro ya shafti ya kati kuisukuma kranki mbele mpaka beringi ya kuzuia msukumo iishe, na hapo bloku nzima huweza kuharibika.

S2 naweza kukuruhusu kwa sharti moja: muuzaji apunguze bei kwa gharama kamili ya mikanda, pampu, pedi za mnyororo na klachi, na kava ya hedi ifunguliwe mbele yako. Wengi hawakubali, nawe usijilaumu.

Ukishanunua, liburute mpaka gereji kama risiti ya mikanda haipo au imepita miaka 4. Usiseme "nitafika tu polepole". Weka kando si chini ya theluthi ya bei ya gari kwa kazi za mwanzo, na zipangwe hivi.

Kwanza mipira ya petroli kwenye injini. Ikiwa ina nyufa au ni ya kiwandani, ibadilishwe kabla ya kitu kingine chochote, maana petroli yenye presha ikimwagikia injini ya moto gari linaungua lote. Harufu ya petroli kwenye 944 haivumiliwi hata siku moja.

Kisha mikanda. Fundi azungushe kranki kwa mkono, kwa mwelekeo wake wa kawaida tu, mpaka alama ya OT (pistoni ya kwanza iko juu kabisa) ionekane kwenye dirisha dogo la nyumba ya klachi na alama ya gia ya kemshafti ilingane na ile ya kava ya nyuma. Akishafunga, azungushe mizunguko miwili kamili kwa mkono na kuhakiki alama zote upya. Kitu kikigoma, asilazimishe. Mkanda ukazwe injini ikiwa baridi kabisa, kwa kipimo, siyo kwa kuupinda kwa vidole. Ukikaza mno unaua beringi ya pampu, ukilegeza unaruka meno. Rola ndogo ya mkanda wa shafti za mizani haikazi kitu. Iachwe na nafasi ya milimita 0.5 hivi kutoka kwenye mkanda. Mafundi wazuri kabisa huikandamiza kwa mazoea ya magari mengine, na mkanda ukalia na kuisha mapema.

Maji yote yamwagwe na kujazwa kipoza kinachofaa alumini, kisicho na fosfati, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Wakati wa kujaza, hita iwe kwenye moto mwingi na skrubu ya kutolea hewa iliyo mbele ya hedi ifunguliwe mpaka yatoke maji matupu. Hewa iliyobaki humo ndiyo huwafanya watu wadhani gasketi imekwenda. Oili ya breki na ya klachi mpya. Oili ya injini, 20W-50 kwa mahali pa joto, kila kilomita 8,000 au kila mwaka. Tairi zisomwe tarakimu nne za mwisho pembeni, wiki na mwaka. Zenye zaidi ya miaka 6 zisikuendeshe kwa kasi hata kama kashata zake ni nzima. Nati za rimu zikazwe kwa 130 Nm.

Nunua rilei mbili za kompyuta ya injini. Hii ndiyo sehemu ndogo inayowasimamisha wenye 944 wengi kuliko nyingine: lehemu ndani yake hupata nyufa, stata inazungusha vizuri, injini haiwaki, na baada ya nusu saa inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Moja ifungwe, nyingine ikae kwenye kisanduku cha dashibodi. Ikiwa rilei ni mpya na injini bado haiwaki, tazama mshale wa mizunguko unapopiga stata. Usipotikisika kabisa, shuku sensa mbili zilizo juu ya fulaiwili na plagi zake za plastiki zilizokaangwa na joto. Nafasi kati ya sensa na fulaiwili ni milimita 0.8.

Halafu liendeshe. Kila wiki, si chini ya dakika 20, mpaka oili ipate moto sawasawa. Kuliwasha tu na kuliacha lingurume uwani kunajaza oili unyevu na hakusaidii sili wala giaboksi. Na kwa kuwa ile ya 1984 ina tensheni ya kukaza kwa mkono, bila springi ya kujirekebisha kama zilizokuja 1987, irudishe kwa fundi ikifika kati ya kilomita 2,000 na 3,000 baada ya mikanda mipya. Mikanda itakuwa imenyooka kidogo. Aipime ikiwa baridi, aikaze, na aandike tarehe na kilomita kwenye faili lilelile ulilorithi.